Kurasa za Mwisho Hazipo

Jumapili usiku, Kimara

Likizo yangu ya wiki moja imeanza kwa hasara. Kitabu nilichonunua Ijumaa kwa elfu tatu, kwa kijana anayepanga vitabu chini pale Posta, kimekatikia njiani. Hercule Poirot, yule mpelelezi mwenye masharubu, amewakusanya watu wote chumbani, viti amevipanga mwenyewe, taa ameziweka ziwamulike wao. Mimi niko kitandani, saa tano na nusu, chandarua nimeshachomeka. Nafunua ukurasa, nakutana na jalada la nyuma. Sura ya 24 hadi ya 27, zote nne, hazipo. Wala si gundi iliyolegea. Zimechanwa, na mchano wenyewe una meno kama msumeno.

Kitabu ni *The Murder of Roger Ackroyd* cha Agatha Christie, cha mwaka 1926. Tajiri wa kijijini anakutwa amekufa kwenye kiti chake, kachomwa kisu. Daktari wa kijiji ndiye anayetusimulia. Huyu daktari anaishi na dada yake, Caroline, mama ambaye hata asipotoka nje habari za kijiji kizima zinamfuata jikoni. Nimeshamshuku kila mtu, pamoja na watu niliowapenda.

Najua mtaniuliza: simu si unayo? Ninayo, na bando lipo. Lakini kumtafuta muuaji kwenye simu ni sawa na kula pilau ya harusi kabla ndoa haijafungwa. Utashiba, ila utaona aibu.

Kuna kitu kingine. Aliyekisoma kabla yangu ameweka alama ya kuuliza kwa penseli, pembeni mwa mstari mmoja katika sura za mwanzo. Alama hiyo moja tu, kitabu kizima. Mstari huo nimeusoma mara sita. Hauna damu, hauna kisu, ni maneno ya kawaida ambayo mtu yeyote angeyasema.

Jumatatu, Posta na Samora

Mwendokasi wa asubuhi kutoka Kimara unaufahamu: unaingia umepiga pasi, unatoka umekunjamana. Nikashuka Posta, nikamkuta kijana wangu anafuta vumbi vitabu kwa fulana kuukuu.

"Dada, kitabu kikishauzwa hakirudi."

"Sikirudishi. Nataka kilichobaki."

Akacheka mpaka akaita wenzake. Lakini ni mtu mwema. Alinieleza kwamba boksi zima lilitoka kwa familia moja iliyohama Upanga: kamusi za Kigujarati, majarida ya mapishi na vitabu vya Kiingereza vya zamani. Kurasa? Hakuwa na habari nazo. Akanionyesha kwa kidevu mzee wa karanga aliyekaa hatua chache kutoka pale. "Labda zimeshaliwa."

Nilinunua karanga, nikafunua kifungashio. Hesabu za kidato cha pili. Nikanunua nyingine. Barua ya kampuni fulani kuhusu kikao cha bodi, imepigwa mhuri wa siri. Tangu saa hiyo sikupitwa na mzee wa karanga mjini, na ninaandika haya tumbo likinguruma.

Nikashuka barabara ya Samora, nikaizunguka Sanamu ya Askari, nikaingia kila duka lililokuwa na kitabu dirishani. Vitabu vya shule vipo. Vya dini vipo. Vya kukufanya tajiri ndani ya siku thelathini vipo vingi, na waliovipanga walionekana hawajavisoma. Agatha Christie mwenyewe, kitabu chake cha kwanza, *The Mysterious Affair at Styles*, kilimwingizia paundi 25 tu. Alikiandika mwaka 1916, baada ya dada yake, Madge, kumwambia hawezi kuandika riwaya ya upelelezi. Wachapishaji kadhaa walikikataa, mmoja akakaa nacho hadi mwandishi akakisahau, kikatoka mwaka 1920. Leo inakadiriwa kwamba vitabu vyake vimeuzwa nakala bilioni mbili duniani.

Bilioni mbili, nami Samora nzima sikupata hata kimoja.

Jumanne, Maktaba Kuu

Niseme kazi yangu, maana ndiyo iliyonifikisha kwa huyu mama. Mimi ni mtoa dawa. Nakaa nyuma ya dirisha la hospitali, dirisha lenyewe lina tundu la kupitishia mkono na karatasi. Wagonjwa wananifahamu mikono. Nikikutana nao kituoni hawanijui hadi niseme "moja mara tatu, baada ya kula". Na kwa kuwa hawanioni uso, wananiambia mambo ambayo hawakumwambia daktari, au wanayasema wao kwa wao kana kwamba dirisha halina mtu.

Chuoni, mwalimu wetu wa sumu alitusimulia kisa. Mwaka 1977 mtoto mdogo alitolewa Qatar akapelekwa hospitali ya Hammersmith, London, yuko mahututi, madaktari hawajui ana nini. Muuguzi mmoja wa zamu alikuwa anasoma riwaya ya Christie, *The Pale Horse*, ya mwaka 1961. Akaona dalili za mtoto zinafanana na za wale wa kitabuni, nywele zikinyonyoka. Akawaambia madaktari wapime sumu ya thaliamu. Wakapima, wakaikuta. Mtoto akapona. Darasa zima tuliguna. Mimi nilitoka nikaenda kutafuta vitabu.

Leo basi nimeshinda Maktaba Kuu, barabara ya Bibi Titi Mohamed, jengo la tangu 1967. *Ackroyd* ilikuwa imeazimwa. Nilitamani kumjua aliyeiazima, nikajizuia. Badala yake nikapata kitabu cha maisha ya Christie alichokiandika mwenyewe, kilichochapwa mwaka 1977, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Kinene kama tofali. Nilikaa nacho karibu na dirisha hadi mlinzi alipoanza kuzima feni.

Alizaliwa Septemba 15, 1890, Torquay, mji wa pwani kusini magharibi mwa Uingereza. Mama yake alikuwa na imani kwamba mtoto asifundishwe kusoma kabla ya miaka minane. Mtoto akajifundisha mwenyewe, yaya akaenda kwa mama kuomba radhi: samahani mama, Bibi Agatha anajua kusoma. Baba akafariki binti akiwa na miaka 11, fedha zikapungua. Shule ya maana hakwenda.

Vita ya Kwanza ilipoanza alijitolea hospitalini, kwanza kuuguza, kisha akahamishiwa chumba cha dawa. Mwaka 1917 akafaulu mtihani wa kuchanganya dawa. Hapa nilisoma polepole, kama mtu anayesoma barua ya ndugu. Siku moja alikuwa anajifunza kwa mfamasia wa mjini, bwana mkubwa mwenye kujiamini, na bwana huyo akakosea nukta ya desimali. Dawa ikatoka kali mara kumi. Binti aliona. Kumkosoa bwana mkubwa mbele ya watu haikuwezekana, na kunyamaza ni kuua. Basi akajifanya amejikwaa, akaimwaga sinia nzima sakafuni, halafu akazikanyaga zile dawa kwa nguvu zisiokoteke. Akaomba msamaha sana. Dawa zikatengenezwa upya.

Nimecheka peke yangu maktabani, mwanafunzi wa meza ya pili akanitazama. Sitasema nilicheka nini, ila na mimi nimewahi kuangusha sinia.

Mfamasia huyohuyo alikuwa anatembea na donge la kurari mfukoni, sumu ya mishale ya Amerika ya Kusini. Binti alipomuuliza sababu, akajibu kwamba inamfanya ajione ana nguvu. Christie hakumsahau. Miaka zaidi ya arobaini baadaye akamtumia kumjenga mtu wake katika *The Pale Horse*. Pigeni hesabu: bwana wa Torquay mwenye kiburi ndiye mbegu ya kitabu kilichomwokoa mtoto wa Qatar.

Na kuhusu kitabu changu kilichochanwa, ameandika kwamba Caroline, dada wa daktari, ndiye aliyempenda kuliko wote humo, na huenda ndiye aliyemzaa Miss Marple, yule bibi wa kufuma sweta anayewashinda polisi.

Lakini nilipofika mwaka 1926 nilikuta jambo. Mama yake anakufa. Mume anamwambia anampenda mwingine. Anaumwa, halali, analia gari likikataa kuwaka. Halafu, yale ambayo dunia nzima inayajua kuhusu Desemba ya mwaka huo, hakuna. Anayaruka kama mtu anayeruka dimbwi, anatua ng'ambo na maisha yanaendelea. Nikarudi nyuma nikidhani nimefunua mbili kwa pamoja.

Naye ana kurasa alizochana.

Jumatano, Magomeni

Shangazi yangu anakaa Magomeni Mapipa, nyumba ya zamani yenye baraza. Alipiga taipu ofisi za serikali mpaka anastaafu. Nimemkuta na ungo mapajani, anachambua mchele.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Umekonda. Likizo gani hii ya kukondesha watu?"

Kabla sijaketi nimeshapata taarifa za mtaa. Jirani wa nyuma anauza friji, kwa hiyo yule kijana wake wa bandarini kazi imeisha, ingawa kila asubuhi anatoka na begi. Binti wa duka la kona siku hizi anazunguka njia ndefu, maana njia fupi inapita gereji. Nilimuuliza amejuaje yote hayo, naye hajatoka barazani.

"Mwanamke akiinamia ungo," akasema bila kuinua macho, "watu husema mbele yake chochote. Wanadhani masikio nayo yanachambua mchele."

Nikamtolea kitabu. Akakipokea, akakigeuza, akakinusa. Alikisoma miaka ya sabini, akasema, kilizunguka ofisi nzima kwa foleni. Wanaume walikuwa na Willy Gamba wao na Bwana Msa wao, wapelelezi wa riwaya za Kiswahili; wapiga taipu walikuwa na huyu mama.

"Kwa hiyo muuaji unamkumbuka?"

"Namkumbuka."

Nikangoja. Akapuliza pumba.

"Shangazi!"

"Wewe mtoto, mimi nilikaa foleni wiki tatu, na wanne waliotangulia hawakunitajia. Nikutajie wewe kwa sababu umekuja na mkate?"

Tukanywa chai. Tukaingia kwenye ile Desemba, na hapo shangazi akasukuma ungo pembeni, jambo ambalo halifanyi ovyo.

Kisa chenyewe ni hiki. Ijumaa usiku, Desemba 3, 1926, Agatha Christie aliondoka nyumbani na gari lake. Mume, Archie, alikuwa ameshamwambia anataka talaka, na mwisho wa wiki hiyo alikwenda kwa marafiki, ambako huyo mwingine pia alikuwepo. Jina lake Nancy Neele. Mtoto wao, Rosalind, miaka saba, amelala. Asubuhi gari likakutwa Newlands Corner, Surrey, limeacha barabara, ndani mna koti lake la manyoya. Mwenyewe hayupo. Polisi zaidi ya elfu wakaingia porini, raia maelfu nyuma yao, ndege zikaruka juu. Bwawa likaburuzwa. Arthur Conan Doyle, yule aliyemwandika Sherlock Holmes, akachukua glavu ya marehemu mtarajiwa akampelekea mtu wa kuzungumza na mizimu. Yaani kwa Kiswahili kifupi, baba wa wapelelezi wote alikwenda kwa mganga.

Siku ya kumi na moja akapatikana. Yuko hotelini Harrogate, kaskazini, mzima wa afya, jioni anacheza muziki na wageni wengine. Wanamuziki wa bendi ndio waliomtambua. Kwenye daftari la hoteli alikuwa ameandika jina: Teresa Neele, kutoka Cape Town.

"Neele!" Shangazi akapiga goti lake. "Jina la hawara! Halafu wanasema kasahau."

Madaktari walisema kapoteza kumbukumbu, na mume alisema hivyohivyo kwa waandishi wa habari. Mimi kwa taaluma yangu sipendi kuikejeli akili iliyozidiwa. Mtu aliyefiwa na mama yake Aprili, akaachwa kabla mwaka haujaisha, anaweza kupotea akiwa amesimama. Nikamweleza shangazi hivyo. Na Cape Town si mji wa kubahatisha, maana mwaka 1922 alikuwa amefika huko na Archie, katika ziara ya kuzunguka dola ya Kiingereza. Pengine alikuwa anarudi mahali walipokuwa wanapendana.

Shangazi akanyamaza kidogo.

"Na baadaye alisema alikuwa wapi moyoni mwake?"

"Mara moja tu aliliambia gazeti, mwaka 1928, kisha kimya, hadi anakufa. Hata kwenye kitabu chake mwenyewe."

"Vizuri," akasema shangazi, akavuta ungo wake.

Kwetu inajulikana kwamba mwaka 1981 shangazi alitoka nyumba hiyohiyo ya Magomeni na kikapu mkononi, kama anayekwenda sokoni, akarudi baada ya siku kumi na saba. Mumewe alimpokea kikapu mlangoni. Mimi nilikuwa sijazaliwa, na nimekua nikijua kwamba hilo haliulizwi.

Mjukuu wake wa kidato cha tatu akatoka ndani, akakishika kitabu, akasoma nyuma ya jalada. "Ukimaliza naomba." Nikamwambia hakina mwisho. Akasema si neno, atautunga. Shangazi akaniandikia namba ya mtu wa Kigamboni, mwalimu wake wa zamani. "Huyo hajawahi kutupa kitabu. Nenda Jumamosi, siku nyingine haongei."

Alhamisi, Jangwani

Mvua ya masika. Nimekwama ndani ya daladala saa tatu na dakika ishirini, maji ya Msimbazi yamepanda barabarani, konda ametuambia "tunavuka sasa hivi" mara nane. Mama wa siti ya mbele alikuwa na kuku ndani ya kiroba. Kijana wa nyuma alikuwa anagombana na mtu kwenye simu kuhusu pikipiki ya mkataba. Mzee wa suti alikuwa anatazama saa kila baada ya dakika, na suti yake ilikuwa na kibandiko cha duka la kufulia. Kufikia saa ya pili nilikuwa nimeshawapa wote sababu za kuua.

Ndivyo alivyopata *Murder on the Orient Express* ya 1934. Vuli ya mwaka 1928, talaka imetoka, alikuwa amekata tiketi ya kwenda West Indies. Siku chache kabla ya kuondoka akakaa kwenye chakula cha jioni na mke na mume waliotoka Baghdad. Wakamsifia mji. Akauliza kama unafikika bila meli, wakamwambia ndiyo, kwa treni, Orient Express. Asubuhi akabadilisha tiketi. Mwanamke wa miaka 38, peke yake, na mtoto yuko shule ya bweni. Akafika mpaka Ur, Iraki, kwenye machimbo ya mji wa watu wa kale, na aliporudi huko mwaka 1930 akakutana na Max Mallowan, mwanaakiolojia aliyekuwa mdogo kwake kwa karibu miaka 14. Septemba hiyohiyo wakaoana. Huyu hakumwacha.

Mwaka 1929 Orient Express ilizikwa na theluji nchini Uturuki kwa siku kadhaa. Mwaka 1931 treni aliyopanda yeye mwenyewe ikakwama, mvua imesomba reli. Abiria wa mataifa mbalimbali, chakula kinapungua, kila mtu anamtazama mwenzake. Angepewa Jangwani angetengeneza kitabu, na konda ndiye angekuwa wa kwanza kushukiwa.

Nilishuka nikavua viatu, nikarudi kwa miguu. Karanga zimelowa, kifungashio kilikuwa ratiba ya mazishi.

Ijumaa

Nimefua. Nguo hazikukauka. Nimesoma kwamba miaka ya 1950, kwenye machimbo ya Nimrud, Iraki, zilipotoka pembe za ndovu zilizochongwa kabla ya Kristo, Christie ndiye aliyesaidia kuzisafisha, kwa sindano nyembamba ya kufumia na krimu yake ya uso. Krimu ikawa inaisha, uso wake ukakosa. Nimeitazama mafuta yangu ya nazi kwa heshima mpya.

Jumamosi, Kigamboni

Mvua imeacha, jua limerudi na deni. Pale Feri harufu ya samaki ilinipokea kabla ya mtu yeyote. Nikavuka na kivuko, nimesimama katikati ya baiskeli yenye matenga ya kuku na bibi harusi mtarajiwa aliyekuwa anakwenda kupakwa hina. Nikamkumbuka mpelelezi wangu aliyeachwa chumbani tangu Jumapili, mdomo wazi, watu wamekaa.

Mwalimu ana zaidi ya miaka themanini. Nyumba yake iko nyuma ya barabara, mkungu mkubwa uani, na vitabu viko hadi kwenye kabati la vyombo. Nikampa shikamoo, akaipokea akiwa tayari anasoma mgongo wa kitabu changu kwa kidole.

"Umefika wapi?"

"Sura ya 23 imeisha."

Akafumba macho kama mtu aliyeambiwa habari ya msiba. Akaingia ndani, akarudi na nakala yake, gamba jekundu lililofifia, nzima. Akaniwekea sharti: kinasomwa hapahapa barazani, hakivuki geti. Kisha akavuta kiti chake, akakaa ananitazama mimi. Sijawahi kusoma huku natazamwa hivyo. Sura ya 24. Sura ya 25. Mwishoni mwa hiyo mkono wangu ulikwenda mdomoni wenyewe, na Mwalimu akapiga makofi mara moja, pa!

"Nimengoja uso huo tangu 1968," akasema. "Wangu mwenyewe sikuuona."

Nikamaliza zote. Sitasema. Kule London kuna mchezo wake wa kuigiza, *The Mousetrap*, ulioanza Novemba 25, 1952 na unaochezwa hadi leo. Kilichoweza kuusimamisha ni korona tu, Machi 2020 hadi Mei 2021. Kila usiku watazamaji wanaombwa wakitoka wasimtaje muuaji. Kama mji mzima umeweza miaka yote hiyo, na wapiga taipu wa Dar wameweza, nami nitaweza. Nitasema tu kwamba *Ackroyd* ilipotoka wapo wasomaji waliokasirika wakadai wamechezewa rafu, na kwamba Mwalimu na mimi tulipekua tena nusu saa nzima kutafuta rafu hiyo. Hakuna. Kila kitu alikiweka mezani, mchana kweupe. Sisi ndio hatukumtazama aliyekuwa anasema.

Nikauliza kuhusu kitabu kingine kwenye kabati lake, kilichovikwa karatasi ya kaki kama daftari la shule, juu yake pameandikwa kwa mkono: *Watu Kumi Kisiwani*.

Mwalimu akakishusha. Ni ile ya mwaka 1939, iliyouzwa kuliko zote, zaidi ya nakala milioni 100. Siku hizi inaitwa *And Then There Were None*, jina ambalo Wamarekani waliipa riwaya hiyo mapema, mwaka 1940. Lakini Uingereza ilitoka na jina lililobeba tusi kwa watu weusi, na likabaki kwenye majalada ya huko hadi miaka ya 1980.

"Nilikivika mwaka niliokinunua," Mwalimu akasema. "Ndani ni kazi ya fundi. Nje kilikuwa kinanitukana kila nikipita kuchukua kijiko."

Nikamwambia hata kwingine, Mwafrika, Myahudi, Mwarabu, akipita kwenye vitabu vyake mara nyingi anapita kama fanicha. Huyu aliyejua kuliko wote kwamba asiyetazamwa ndiye anayeona, naye alikuwa na watu wake asiowatazama. Mwalimu akasema ndiyo, na kwamba amemsoma miaka hamsini bila kumsamehe hilo wala kuacha kumsoma. Kisha akanisimulia jinsi Christie alivyoiandika riwaya ya kifo cha Poirot wakati wa Vita ya Pili, mabomu yanaanguka London, akaifungia. Ilipokaribia kutolewa mwaka 1975, Agosti 6, *New York Times* likatangaza kifo cha Poirot ukurasa wa kwanza, mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Mwandishi mwenyewe akafuata Januari 12, 1976. Riwaya za upelelezi 66, nyuma yake.

Kuhusu sharti la geti, tulielewana hivi: kitabu kikatoka kwenda steshenari ya njiapanda kutolewa kopi za sura nne, chini ya ulinzi wa mjukuu wake wa miaka tisa, aliyekibeba kwa mikono miwili na hakuniruhusu nikishike. Mwenye steshenari alitaka kukipindua kwa nguvu kilale vizuri kwenye kioo. Mtoto akasema, "Babu kasema mgongo usivunjwe." Kopi zikatoka na kivuli katikati, lakini zinasomeka.

Tulipoagana Mwalimu akaniuliza hali ya shangazi. "Alikuwa anaandika insha nzuri sana," akasema. Akangoja kidogo. "Alishawahi kuja hapa kukaa, zamani. Alisoma karibu kabati zima."

Nikasema sikujua. Hatukuendelea.

Jumapili, Kimara

Nimekata kopi kwa kisu cha jikoni na rula, nimezibandika kwa gundi ya karatasi, nimekilalia kitabu na mfuko wa unga kilo tano usiku kucha. Kimenenepa nyuma, kama mtu aliyeweka pochi mfuko wa suruali, lakini kina mwisho.

Nimefungua sura za mwanzo, kwenye ule mstari wa penseli. Safari hii nimeuona. Upo wazi kabisa, ungeweza kuupita mara elfu. Msomaji wa Upanga, yeyote yule, aliukamata akiwa bado na kurasa mia mbili mbele yake.

Jioni nakipeleka Magomeni, kwa yule mtoto. Nimetafuta ufutio kwenye begi la kazi, nikafuta alama ya kuuliza polepole, karatasi isichanike, nikapuliza mabaki.